Kochi Halitoki Mpaka Mama Alikalie

Mimi ni fundi wa makochi. Kazi hii nimeianza meno yangu yakiwa yote mdomoni, na sasa yamebaki ya kuhesabu, lakini mkono bado upo. Shule niliishia darasa la tatu, kwa hiyo nikiruka huku na kule mnivumilie tu, nitarudi.

Karakana yetu ni chumba cha mbele cha nyumba. Mlango mkubwa unatazama barabara, mlango mdogo unaingia jikoni. Mimi nakata, napiga misumari, natandika springi na sponji. Mke wangu anashona mifuniko kwa cherehani. Kochi zito likitaka kusogezwa, mimi nashika upande huu, yeye upande ule. Miaka thelathini na minane, na watoto watano katikati yake.

Na tuna mtindo wetu ambao sijauona kwa fundi mwingine. Kochi likiisha, halitoki mpaka mama watoto alikalie. Anakaa, anapewa chai, anakunywa kikombe kizima taratibu. Anajisogeza kulia, anajisogeza kushoto, anaegemea, anafumba macho. Halafu anasema. Akisema "Linafaa", linatoka. Akisema "Linanichoma mfupa", nalifungua upya, hata mteja akiwa amesimama mlangoni na mkokoteni wake. Wateja wanajua. Wengine wakifika hata hawaulizi habari zangu, wanauliza, "Mama ameshalikalia?"

Sasa fikirieni siku aliponiambia, "Kalia wewe."

Lilikuwa kochi la mwalimu mmoja mstaafu, la watu watatu, kazi nzuri. Chai nilishaimimina. Nikamwambia, "Mimi nikalie? Mimi fundi nijipe maksi mwenyewe?"

"Kiuno kinauma."

"Kiuno kinauma si ndiyo ukae?"

Akainama kwenye cherehani yake, akaanza kukanyaga. Chai ikapoa. Kochi likatoka bila kukaliwa, na mimi nikabaki nimesimama kama mtu aliyesahau kufunga suruali.

Ngoja, nimeruka. Kabla ya hapo kulikuwa na lile kochi la Mama Duka. Huyu Mama Duka ni jirani, rafiki wa mke wangu toka zamani, duka lake liko kona. Kochi lake nililitengeneza mimi, halijamaliza hata mwaka, siku moja akalirudisha. "Watoto wamemwaga maji," akasema haraka haraka, "badilisha sponji tu." Akaondoka kama anakimbizwa.

Nikafungua mfuniko, nikanusa. Mimi na sponji tumezeeka pamoja, hainidanganyi. Seremala anayetuletea fremu alikuwa amesimama pale, basi nikaona nimchekeshe. "Maji gani haya yana harufu? Hapa kuna mtu mzima amefungulia bomba! Mwambieni avae nepi, au akija kutembea aje na ndoo yake akalie!" Seremala alicheka mpaka akashika mlango. Mimi nami nikacheka kwa kuwa yeye anacheka. Cherehani ya mke wangu ikanyamaza, halafu ikaendelea. Nilidhani uzi umekatika.

Basi. Baada ya hapo ndiyo yakaanza mambo ya kukataa kukaa.

Na haikuwa kochi la mwalimu peke yake. Lililofuata akakataa, na lingine. Chai ambayo alikuwa anaipenda kuliko mimi, akaacha. Hata maji nikaona hanywi, midomo imekauka kama kitambaa cha mfano kwenye dirisha. Kila nikigeuka, hayupo kwenye kiti. Yuko uani. Anarudi, anashona dakika kumi, anatoka tena. "Huko nyuma kuna nini?" nauliza. "Kuna nyumba yangu," ananijibu. Halafu akahamia chumba cha wasichana, eti nakoroma. Nimekoroma miaka thelathini na minane! Siku hiyo ndiyo amesikia?

Lililoniuma zaidi ni binti yetu. Amejifungua mtoto wake wa kwanza, mbali kidogo, mwendo wa saa tano hivi kwa basi. Mwanamke aliyekuwa anashona vinguo vya huyo mtoto kabla hata tumbo halijaonekana, sasa anaambiwa njoo umwone mjukuu, anasema, "Nitakuja, subirini kidogo." Asubiri nini? Mwanamke anayekataa kwenda kushika mjukuu wake, kuna kitu kinamshika hapa. Au kuna mtu.

Nilianza kuwaza hivyo, sifichi. Nikawa naamka asubuhi, kazi yangu ya kwanza si kushika nyundo, ni kumwangalia mke wangu usoni kutafuta ananiacha lini.

Halafu mabaki yakaanza kupotea.

Nyuma ya mlango nina gunia la vipande vinavyobaki: sponji nyembamba, na ile ngozi ya plastiki ya kufunikia viti, rangi ya damu ya mzee. Mtu mwingine ataona takataka. Mimi navijua vipande vyangu kimoja kimoja, hiki kilitoka kwenye kiti cha kinyozi, hiki kwenye benchi la nani. Na vilikuwa vinapungua. Sasa niambieni, nani anaiba mabaki ya ngozi ya plastiki? Hayaliwi, hayavaliwi. Yana kazi kwa fundi wa makochi tu. Na fundi wa makochi mwingine alikuwa mmoja, ng'ambo ya barabara, tunamwita Mbwembwe, kwa vile hata kigoda anakiwekea vifungo vya kung'aa. Nikatupa jicho kibarazani kwake. Kigoda kipya. Ngozi ya plastiki, rangi ya damu ya mzee.

Nikakaa chini.

Bado nikajikaza, nikasema nisikurupuke. Lakini siku hiyo hiyo nikainua kitambaa cha kufunikia cherehani, nikakuta kidaftari. Mwandiko wa mke wangu naujua, na yeye shule ni kama yangu tu, kwa hiyo vitu vingine alichora. Upande mmoja saa: saa mbili, saa nne, saa sita kasoro. Kando ya saa, vikombe. Kikombe kimoja, nusu kikombe. Kando ya vikombe, matone. Tone moja, matone mawili, mahali pengine matone matatu na mstari mkali chini yake. Kila siku, ukurasa wake.

Vikombe nilivielewa: anakunywa chai na mtu. Kwangu hanywi, kumbe ananywa kwingine, na saa anaandika. Matone nikadhani ni machozi. Nikasema, Mungu wangu, mke wangu analia mbele ya mtu mwingine, na mimi nipo hapa na leso mfukoni.

Nikavuka barabara.

"Shikamoo mzee," Mbwembwe akasema, misumari mdomoni.

"Marahaba. Kigoda hiki umekitoa wapi?"

"Nimetengeneza. Kwani mimi nauza samaki?"

"Nauliza ngozi."

"Ya dukani, mzee. Limeshuka robota zima la rangi hiyo. Si hata wewe ulinunua, nilikuona umeibeba begani."

"Na nani amekushonea?"

"Mimi mwenyewe."

Nikakigeuza miguu juu. Mke wangu akimaliza mshono anarudisha sindano nyuma mara tatu, halafu anakata uzi kwa meno, mkasi ukiwa hapo hapo pembeni. Uzi wake unabaki na ncha iliyotafunwa. Huu ulikuwa umekatwa kwa wembe, safi. Nikakikagua tena upande wa pili.

"Mzee," Mbwembwe akatema misumari kiganjani, "unamtafuta nani ndani ya kigoda?"

Nikakirudisha kigoda chini. Akaniangalia, akapunguza mbwembwe zake. "Kama ni mama, mimi namwona kila Alhamisi asubuhi, ukienda kuchukua mbao. Anapita hapa na kikapu, anapanda barabara ya juu. Nikimwamkia anaitikia huku anatembea. Hasimami."

"Huko juu kuna nini?"

"Kuna mengi. Kuna gereji, kuna mitumba, kuna zahanati. Mimi sijui, mzee wangu. Mimi nauza vigoda."

Alhamisi nikaaga kwamba nakwenda kuchukua mbao. Nikaenda mpaka kona, nikajibanza kwenye ukuta wa duka. Mama Duka akanichungulia dirishani. "Baba, unacheza kombolela?"

"Napumzika."

"Pumzika," akasema, lakini jicho lake halikunipenda. Nikasema, na huyu anajua. Wote wanajua, ila mimi.

Mke wangu akatoka na kikapu. Nikamfuata kwa mbali. Anatembea haraka, halafu ghafla anasimama, anabana miguu, anashika ukuta, anatazama mbele kama anayesubiri mtu. Nikasema aha, ni hapa. Hakuja mtu. Akaendelea. Mbele akaingia hoteli moja ndogo, akapita moja kwa moja mpaka nyuma bila kuagiza kitu, kama mwenyeji. Nikahesabu mpaka mia. Akatoka peke yake, anarekebisha nguo, uso umetulia. Nikaitazama ile hoteli nione nani anatoka nyuma yake. Alitoka paka.

Akafika zahanati. Hakupita mbele wanapopanga foleni, akazunguka nyuma, akaingia chumba cha mwisho, mlango ukafungwa.

Dirisha lilikuwa wazi kidogo. Nikainua visigino.

Ndani wanawake sita wamelala chali kwenye mikeka, magoti juu. Wa tatu ni mke wangu. Nesi anatembea katikati yao mikono nyuma, kama msimamizi wa mtihani. "Kaza," anasema. "Kama unayezuia upepo usitoke mbele ya wakwe. Pumua, usizuie pumzi. Usikaze tumbo, usikaze mapaja, wewe mama wa pembeni nakuona. Ni huko chini ndani tu, vuta kwenda juu. Shikilia. Nne, tano, sita. Achia. Pumzika. Kuachia nako ni kazi."

Nikatazama nione kinachokazwa. Hakuna kilichotikisika! Wanawake sita wamelala kama mbao, anawaambia kaza, wanajibu tumekaza, anawaambia achia, wanasema tumeachia, na hakuna hata ukucha uliosogea. Nikasema basi, ni dini mpya. Mke wangu amejiunga na watu wa kulala chini.

"Mzee! Unatafuta nini dirishani kwa wanawake?"

Nesi alikuwa ameniona. Ningekimbia, lakini magoti haya hayakimbii.

"Namtafuta mke wangu."

Mmoja akaguna kicheko. Mke wangu akageuza shingo pale pale mkekani, akanitazama.

"Huyo ni wangu, nesi," akasema, kama mtu anayekiri mbuzi wake amevunja uzio wa watu.

Tulirudi nyumbani yeye mbele mimi nyuma. Mbwembwe akatuona, akajifanya anatafuta msumari chini. Tukaingia karakana, mke wangu akafunga mlango mkubwa, kitu ambacho mchana hatufanyi. Akasimama kando ya cherehani.

"Haya. Uliza."

"Ni nani?"

"Nani nini?"

"Unayekunywa naye chai. Na kumlilia. Nimeona daftari. Vikombe na machozi."

Akanikodolea macho. Halafu akaanza kucheka, kicheko kikampanda, mara akabana magoti, akashika meza. "Usinichekeshe!" akasema, na machozi yanamtoka kweli. "Wewe mzee, nakuomba, usinichekeshe. Ukinichekesha unatoka."

"Nini kinatoka?"

"Mkojo, baba watoto. Mkojo unatoka."

Nikavua kofia.

Akanieleza akiwa amesimama vile vile. Ulianza kwa kikohozi, ule wakati wa baridi. Anakohoa, tone. Anapiga chafya, tone. Akinyanyua kochi na mimi, tone. Halafu ukaja mwingine wa aina yake, wa haraka: anasikia bomba linafunguliwa, au anashika kitasa cha mlango, na tayari hawezi kungoja. Akaacha maji akidhani atapona, kumbe ndiyo anaharibu. Akashona vitambaa vyake vya kujihifadhi kwa sponji yangu na ngozi yangu ya plastiki, vikamchubua mapaja mpaka akawa anatembea kama bata. Basi la saa tano kwenda kwa mjukuu angelipandaje?

"Na lile kochi," akasema.

"Kochi gani?"

"La Mama Duka. Alinisimulia kichekesho, nikacheka, nikashindwa kuzuia. Yeye ndiye aliyesema tuseme watoto. Yule mtu mzima aliyefungulia bomba, ni mimi."

Nilitafuta pa kutazama. Kila upande ni makochi.

"Ungeniambia, mama," nikasema.

"Ningekuambiaje? Ulishanijibu kabla sijasema. Nepi na ndoo. Mbele ya Seremala."

Hapo ndipo nikaelewa uzi haukuwa umekatika.

Siwezi kusema nilimwomba msamaha vizuri. Niliongea maneno mengi, nusu yake kuhusu paka wa hotelini. Alhamisi iliyofuata nilikwenda naye mpaka mlangoni, nikakaa benchi la nje na kofia mapajani. Nesi akatoka, akamuuliza mke wangu kama anaruhusu nielezwe. Akaruhusu, akasema, "Mweleze taratibu, huyu huwa anaelewa baadaye."

Nesi akasema ni jambo la wanawake wengi sana, na wanaume pia, ila kila mmoja anadhani ni yeye peke yake. Watoto watano, kikohozi, umri, na kunyanyua vitu vizito, misuli ya chini inayoshika kibofu inalegea. Kama springi, nikasema. Kama springi, akasema, ila hii inaweza kukazwa tena bila kufungua kochi. Mkojo walishaupima, hakuna maambukizi, hakuna sukari. Kazi ni kukaza na kuachia, mara tatu kwa siku, kila siku, na asitegemee kuona tofauti kesho. Miezi mitatu ndiyo aanze kupima. Kabla ya kukohoa, akaze kwanza. Maji anywe kama kawaida, kwa sababu mkojo mkali ndio unaokikera kibofu. Chai ipungue. Choo kikubwa kisifunge. Na daftari lile ni la kujua anakunywa lini na unatoka lini, ili aende kwa saa, na kidogo kidogo hiyo saa aisogeze mbele. Vitambaa akampa vya pamba vinavyofuliwa. Na ikishindikana, kuna madaktari wa jambo hilo hilo, asikate tamaa.

"Na wewe mzee," nesi akaniangalia, "wewe mkojo unatoka vizuri?"

Nikamwambia mimi sijaja kwa ajili yangu. Akasema ndivyo wanavyosema wote, akaniandikia siku ya kurudi. Hiyo ni hadithi nyingine, naiacha.

Mimi sasa nikataka kufidia. Nikajifungia siku tatu, nikamtengenezea kiti chake. Kirefu kidogo ili anyanyuke upesi, mfuniko wa zipu, chini yake ngozi ya plastiki, hakipitishi hata tone. Nikakiweka pembeni ya cherehani na kitambaa juu, kama zawadi. Akafunua. Akakitazama, akanitazama.

"Umenitengenezea choo?"

"Hapana, mama, ni..."

"Mimi nimeomba kiti? Mlango wa choo chetu unakwama toka mwaka juzi. Nikifika pale sina nafasi ya kubishana nao. Tengeneza bawaba ile. Na makochi sinyanyui tena, mwite Mbwembwe akushikie upande wa pili."

"Mbwembwe!"

"Mbwembwe. Na kiti hiki mpe paka."

Mlango niliutengeneza siku hiyo hiyo, ukawa unafunguka kwa kidole. Mbwembwe nilimwita, na alikuja, na aliniuliza kama leo nimempata niliyekuwa namtafuta kwenye kigoda. Nikamwambia ashike mbao asiniongeleshe.

Wiki zikaenda. Sikumuuliza kila siku, ingawa ulimi uliniwasha. Nilichungulia matone daftarini, na akawa anajua nachungulia, akaanza kuliacha wazi. Matatu yakawa mawili. Kukawa na siku ya tone moja, halafu wiki mbaya aliyoshikwa na mafua, matone kama mvua, akalitupa daftari chini ya meza. Nikaliokota, nikalirudisha mahali pake. Kesho yake akaandika tena.

Halafu mteja mmoja, dereva wa magari makubwa, akaja kuchukua kochi lake. Mbwembwe yuko pale tumelishika, dereva yuko mlangoni na mkokoteni. Dereva akauliza, kwa mazoea tu, "Mama ameshalikalia?"

Nikaanza kusema siku hizi hatufanyi hivyo. Nikasikia mlango mdogo wa jikoni. Mke wangu alikuwa ametoka chooni, anajifuta mikono kwa kanga. "Liwekeni chini," akasema.

Tukaliweka. Akakaa. Kikombe alikuja nacho mwenyewe, maji ya uvuguvugu. Akanywa taratibu. Mbwembwe akafungua mdomo atie mbwembwe, nikamtazama, akaufunga.

Katikati ya kikombe, kikohozi kikamjia. Nilikiona kinapanda. Akasimamisha kikombe hewani, akatulia kidogo kama mtu anayekumbuka jambo, ndipo akakohoa. Mara mbili. Akaendelea kunywa.

Akajisogeza kulia, na mimi, nisamehewe, jicho langu likaanguka pale alipotoka.

"Unaangalia nini?"

"Mshono."

"Mwongo wewe." Akajisogeza kushoto, akaegemea, akafumba macho. Akakaa hivyo muda mrefu, mrefu kuliko kikombe. Pale nilipotazama palikuwa pakavu. Halafu akafumbua. "Linaegemea kushoto."

"Haliwezi! Nimelipima kwa kamba."

"Fungua."

Nikafungua. Springi ya nyuma kushoto ilikuwa imechomoka kwenye ndoano yake, imelala ubavu. Dereva akapiga kite, akauliza atasubiri mpaka saa ngapi, na mke wangu akamwambia kuna kiti kizuri sana pale pembeni ya cherehani, kirefu, hakijawahi kukaliwa na mtu, akae tu.